Kibarua cha Kukimbia Mbele

  

Tarehe 7 Oktoba 2001, katika jiji la Chicago, Mkenya aitwaye Ben Kimondiu alikata utepe wa marathoni kwa muda wa saa 2, dakika 8 na sekunde 52. Sekunde 4 baadaye alifika Paul Tergat, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 5 mfululizo, mtu ambaye umati ule ulikuwa umekuja kumtazama. Kimondiu hakupelekwa Chicago kushinda. Aliajiriwa kama mweka kasi: akae mbele, ashike mwendo uliokubaliwa, awakinge wakubwa na upepo, kisha kazi yake ikiisha atoke barabarani awapishe. Siku ile miguu yake ilikuwa bado na nguvu. Sheria za riadha hazimkatazi mweka kasi kuendelea hadi mwisho, naye akaendelea, akashinda.

Tergat mnamjua. Hata watoto wa shule ya msingi hapa Illasit, mpakani na Tanzania, wanamjua, na anastahili. Kimondiu je? Nimeulizia jina lake kwa vijana wanaokimbia asubuhi kwenye barabara ya kwenda Loitokitok, nikakuta hawajawahi kulisikia. Jambo hilo ndilo limenileta kwenye kipaza sauti leo.

Nataka tuzungumze juu ya mwanamichezo wa kiwango hicho. Mtu anayekula kwa jasho la mchezo kwa miaka 10 au 15, anayezunguka nchi baada ya nchi na begi moja la viatu, na picha yake haibandikwi ukutani popote. Msimamo wangu nausema mapema: huyu ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine yeyote, anastahili mkataba wa kueleweka, na sisi tunaomlea huku kwetu tumemwachia meneja na bahati kwa muda mrefu mno.

Nianze na hapa karibu. Tangu Desemba 2012, kwenye hifadhi ya Kimana, hapo chini tu tukishuka kutoka Loitokitok, hufanyika Michezo ya Olimpiki ya Wamaasai. Ilianzishwa ili moran waache kuua simba kama kipimo cha ushujaa, washindane kwa mkuki, kwa rungu, kwa kuruka juu, na kwa mbio za mita 200, 800 na 5,000. Mliofika mnakumbuka ule mchezo wa kuruka: kijana haruki juu ya ufito, anaruka wima kama anavyoruka kwenye ngoma, akitafuta kuigusa kamba kwa kichwa. Ni jambo zuri kutazama, na limeokoa simba. Mlezi wa michezo ile ni David Rudisha, mtoto wa Kilgoris, mwana wa Daniel Rudisha aliyeleta nishani ya fedha ya kupokezana vijiti mita 400 kutoka Mexico mwaka 1968.

Basi kila kijana anayeshinda mita 800 pale Kimana huondoka akijiona Rudisha. Simlaumu. Lakini nani amewahi kumwambia habari za Sammy Tangui?

Mwaka 2010 Rudisha alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mara 2 ndani ya wiki moja. Tarehe 22 Agosti mjini Berlin alikimbia 1:41.09, na tarehe 29 mjini Rieti, Italia, akaishusha hadi 1:41.01. Zitazameni picha za video za mbio zile. Mbele ya Rudisha, kuanzia mlio wa bastola, yuko mtu mwingine. Ni Tangui, mwenzake wa mazoezini. Anazunguka mzunguko wa kwanza kwa kasi ambayo wakimbiaji wengine uwanjani hawathubutu kuifuata, anamfungulia njia, halafu anaingia pembeni. Kamera haimfuati tena. Mkono unaopungwa kwa mashabiki ni wa Rudisha, na ubao wa saa anaopigwa nao picha ni wa Rudisha.

Mwenyewe Rudisha hakuwahi kumficha Tangui. Na kwenye fainali ya Olimpiki ya London mwaka 2012, ambako waweka kasi hawaruhusiwi, aliongoza peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, akakimbia 1:40.91. Lakini mbio hizo hizo za London zina jambo lingine ambalo hatulitaji vya kutosha. Waliokimbia walikuwa 8. Aliyefika wa mwisho, Mwingereza Andrew Osagie, alikimbia 1:43.77. Mwaka 2008 kule Beijing, Wilfred Bungei wetu alitwaa dhahabu kwa 1:44.65. Yaani mtu wa mwisho wa London angekuwa bingwa wa Olimpiki miaka 4 kabla. Umbali kati ya yule tunayemjengea sanamu na yule tusiyemjua jina ni mdogo kuliko tunavyodhani.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe ya mweka kasi, kwa sababu vijana wengi wanadhani ni kukimbia tu mbele.

Tuseme waandaaji wanataka mbio za saa 2 na dakika 4 na nusu hivi. Mwendo wake ni dakika 2 na sekunde 57 kwa kila kilomita. Mweka kasi anaambiwa afike kilomita ya 30 kwa saa 1, dakika 28 na sekunde 30. Usiku wa kuamkia mbio kunafanyika kikao hotelini: nani akae kushoto, nani kulia, nani atoke kilomita ya 15, nani ya 25, nani abaki wa mwisho. Asubuhi anavaa fulana yenye alama ili watu wa televisheni wamtofautishe na washindani. Bastola ikilia, kazi yake si kuwa mwepesi. Kazi yake ni kuwa sawasawa. Akikimbia kilomita moja kwa 2:50 kwa sababu barabara inateremka, amewachoma miguu watu waliotumia miezi 4 kujiandaa. Akilegea hadi 3:04, meneja aliye ndani ya gari la mbele anamwashiria kwa mkono, na kila mtu anaona. Saa ya mkononi inalia kila kilomita, naye anaisikiliza kuliko anavyousikiliza mwili wake.

Penye meza ya maji anapaswa kuupa nafasi upande ambao nyota ataokotea chupa yake. Chupa ya nyota ikidondoka, mweka kasi mzuri ndiye anayeiokota na kumpelekea. Upepo ukivuma kutoka mbele, anaupokea kifuani. Kona ikikaribia, anachukua mstari mfupi zaidi, kwa sababu wanaomfuata wanafuata visigino vyake bila kuangalia ramani. Kisha kilomita ya 30 inafika. Anasogea kando, anasimama huku magoti yanatetemeka. Mtu wa huduma anamfunika karatasi ile ya kung'aa ya kuzuia baridi, anaelekezwa kwenye basi la waliojitoa. Mbio zinaisha yeye akiwa kitini, hajui nani ameshinda mpaka afike hotelini.

Aprili 2003 mjini London, Paula Radcliffe wa Uingereza aliweka rekodi ya dunia ya wanawake ya 2:15:25, rekodi iliyodumu miaka 16. Waliokimbia naye kumwekea kasi walikuwa Wakenya, Christopher Kandie na Samson Loywapet. Rekodi hiyo ilijadiliwa mpaka kwenye vikao vya wakuu wa riadha duniani, watu wakabishana kama ni halali mwanamke kuvunja rekodi akikimbia na wanaume. Majina ya wanaume wenyewe hayakutajwa sana kwenye mabishano yale.

Na Septemba mwaka huo huo, Berlin. Tergat, ambaye mazoezi yake alikuwa akiyafanya Ngong, kaunti yetu hii hii ya Kajiado, alikwenda kutafuta rekodi ya dunia. Aliajiriwa kumwekea kasi Sammy Korir. Kazi ya Korir ingeweza kuishia njiani kama kawaida. Hakuishia. Walipopita Lango la Brandenburg mwishoni kabisa, Korir alikuwa bado yupo. Tergat alimaliza kwa 2:04:55, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya saa 2 na dakika 5. Korir akafika 2:04:56. Sekunde moja! Ule ulikuwa muda wa pili kwa ubora katika historia yote ya marathoni hadi siku hiyo, na ulikimbiwa na mtu aliyekuja kumsaidia mwingine.

Kazi ya Korir napenda sana kuifuatilia. Kabla ya Berlin alikuwa ameshinda Amsterdam mara 2, mwaka 1997 na 1998. Baada ya Berlin akaendelea na safari zake: Rotterdam akashinda mwaka 2006, Seoul akashinda mwaka 2008. Zaidi ya miaka 10 mtu yuko barabarani. Huyo ndiye ninayemwita fundi. Anajua kupanda ndege usiku, kulala kitanda kigeni, kula chakula asichokizoea, na kesho yake kukimbia kilomita 42 kwa ajili ya ada ya shule ya watoto wake.

Wapo mafundi wa namna nyingine. Wapo walioajiriwa na makampuni ya Japani, ambako kampuni ya chakula au ya magari huwa na timu yake ya mbio za kupokezana barabarani. Douglas Wakiihuri alikwenda huko akiwa kijana mwaka 1983, akaja kuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1987. Waliomfuata ni wengi, na wengi wao hamtawasikia kwenye Olimpiki. Lakini wana jambo moja ambalo mweka kasi wa Berlin hana: mshahara wa kila mwezi. Akiumia goti, mwezi ukiisha bado kuna kitu benki. Japani wamewawekea wageni mipaka kwenye mbio zao kubwa za Mwaka Mpya, kila timu inamtumia mgeni kwenye kipande kimoja tu, na hiyo imepunguza nafasi. Hata hivyo mkataba upo, na umeandikwa.

Na wapo walio karibu zaidi nasi. Mbio za Kilimanjaro Marathon zilianza Moshi mwaka 2003, na tangu hapo Wakenya wamekuwa wakivuka mpaka kwenda kushindana. Mkimbiaji wa Illasit anapita hapo Tarakea, anashuka na gari la Himo, jioni yuko Moshi. Kwake mbio hizo ni mapato ya mwaka. Akishika nafasi ya kwanza amelipa madeni, na akishika ya 11 amelipa nauli kwa pesa yake mwenyewe.

Hapa ndipo penye uchungu. Tunaishi mahali pa vitunguu na nyanya, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya hapa: mkimbiaji wetu wa kawaida anauza miguu yake kama mkulima anayemuuzia dalali vitunguu shambani bila mzani. Bei anaambiwa, haoni ilikotoka. Meneja kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya zawadi na malipo, na hiyo si dhambi, kwani ndiye anayetafuta mbio, viza na tiketi. Shida ni kwamba vijana wengi wanatia saini karatasi ya lugha wasiyoisoma vizuri, hawabaki na nakala, na hawajui kama hiyo 15 inakatwa kabla ya kodi au baada, wala kama nauli nayo itakatwa humo humo. Pesa za zawadi husubiri matokeo ya vipimo vya dawa, na hiyo ni haki kwa mchezo. Lakini zikichelewa zaidi ya hapo, amuulize nani? Mchango wa bima ya afya ya SHA anajilipia mwenyewe. Mfuko wa uzeeni wa NSSF wengi hawajausikia. Mshipa wa kisigino ukikatika akiwa na miaka 27, amestaafu siku hiyo hiyo bila hata barua.

Mtu atasema, ndivyo michezo ilivyo. Hapana, si lazima iwe hivyo, na ninao mfano. Niwapeleke kwenye mchezo ambao hapa kwetu wachache wanaujua: besiboli ya Marekani. Mrushaji anarusha kampira kagumu, mwenzake anakapiga kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo 4. Chini ya ligi kuu zipo ngazi kadhaa za ligi ndogo, na humo wamo maelfu ya wachezaji wanaosafiri kwa basi mji hadi mji wakingoja kuitwa juu. Wengi hawaitwi kamwe.

Mmoja wao alitoka Afrika. Gift Ngoepe alizaliwa mwaka 1990 Afrika Kusini, akakulia ndani ya jengo la klabu ya besiboli ya Randburg, kwa sababu mama yake, Maureen, alikuwa mfanyakazi pale na walipewa chumba hapo hapo. Mlango wao ulifungukia uwanjani. Mwaka 2008 klabu ya Pittsburgh Pirates ikamsajili akiwa na miaka 18. Kisha akaingia kwenye mabasi. Msimu baada ya msimu, ngazi baada ya ngazi, zaidi ya miaka 8. Mama yake alifariki mwaka 2013, kabla hajamwona mwanawe akifika. Tarehe 26 Aprili 2017 Ngoepe aliitwa ligi kuu, akawa Mwafrika wa kwanza kucheza huko, na mara ya kwanza aliposhika gongo akaupiga mpira wa Jon Lester wa Chicago Cubs, mmoja wa warushaji wakali wa wakati wake, na kufika kituo cha kwanza salama.

Mwaka huo alicheza mechi 28. Mwaka uliofuata alihamishiwa Toronto, akacheza 13. Jumla mechi 41. Baada ya hapo akarudi kwenye ligi ndogo na nchi za mbali, akiendelea kucheza. Kwa kipimo cha mashabiki, huyo si kitu. Kwa kipimo changu, mtu aliyeimudu kazi ngumu kiasi hicho kwa zaidi ya miaka 10, akiwa amezaliwa mahali ambapo mchezo wenyewe haujulikani sana, amefanikiwa. Na njia aliyoifungua haikufungwa. Majirani zetu wa Uganda wameingia humo. Mwaka 2011 watoto wao walifuzu mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, wakanyimwa viza. Mwaka 2012 wenzao wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka 2023 Pirates hao hao wakamsajili mrushaji Mganda, David Matoma.

Lakini sikuwapeleka Marekani kwa ajili ya Ngoepe peke yake. Nataka mmsikie Aaron Senne. Huyu alikuwa mchezaji wa ligi ndogo ambaye hakufika juu. Aliumia, akaacha. Mwaka 2014 yeye na wenzake waliishtaki ligi kuu wakidai kuwa walilipwa chini ya kima cha chini cha mshahara, na kwamba wiki za mazoezi kabla ya msimu hawakulipwa kabisa. Waliambiwa kwamba wao ni wanafunzi wa mchezo, si wafanyakazi. Mwaka 2018 Bunge la Marekani likapitisha hata kifungu cha kuwaondoa wachezaji wa ligi ndogo kwenye ulinzi wa sheria ya kima cha chini. Hawakuacha. Mwaka 2022 ligi ilikubali kulipa dola milioni 185 kumaliza kesi. Mwaka huo huo wachezaji zaidi ya 5,000 wa ligi ndogo wakajiunga na chama cha wafanyakazi cha wachezaji wa ligi kuu, na mwishoni mwa Machi 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja. Mchezaji wa ngazi ya chini kabisa aliyekuwa akilipwa dola 4,800 kwa mwaka akapanda hadi 19,800. Wa ngazi ya juu ya ligi ndogo akatoka dola 17,500 hadi 35,800. Pamoja na hayo wakahakikishiwa makazi.

Jambo linalonigusa ni kwamba kesi ile haikuanzishwa na nyota. Ilianzishwa na watu wa mabasi, na mmoja wao alikuwa ameshaacha kucheza, hana faida ya kutafuta huko mbele.

Kwetu je? Tulishawahi kujaribu. Kipo chama cha wanariadha wa kulipwa wa Kenya, na Novemba 2015 wanariadha wakiongozwa na Wilson Kipsang walivamia Riadha House, makao makuu ya chama cha riadha jijini Nairobi, wakawafungia viongozi nje kwa siku kadhaa, wakidai uwazi wa pesa na uongozi. Ilikuwa habari kubwa duniani. Lakini mkataba wa pamoja kama ule wa besiboli haukuzaliwa. Kelele zilikuwa za siku 3, na kesi ya Senne ilikuwa ya miaka 8. Tofauti naiona hapo.

Kuna hasara nyingine ya kumwacha mkimbiaji wa kawaida bila kitu cha kushika. Mnasikia kila mwezi majina ya Wakenya wanaofungiwa kwa dawa zilizopigwa marufuku. Serikali mwaka 2022 ilitangaza dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 kupambana na janga hilo, na ilifanya vizuri. Yasomeni majina yale. Wamo mabingwa, ndiyo, lakini wengi ni wakimbiaji wa barabara wa daraja la pili, watu wa mbio ndogo za miji ya mbali. Simtetei mtu anayejidunga. Amemwibia mwenzake aliyekuwa nyuma yake, naye mara nyingi ni Mkenya pia. Lakini ukiona mtu ana msimu mmoja tu wa kulipa deni, hana mshahara, hana bima, na mtu wa duka la dawa anamwambia sindano hii itakupa dakika 2, unajua shetani anaingilia mlango gani. Kumpa mkimbiaji mkataba ni sehemu ya vita hivyo, na hatuisemi.

Najua wapo watakaosema vijana wetu waambiwe waache mbio wasome. Wasome, sawa kabisa. Lakini hatuwezi kuwaambia waache kazi ambayo ipo, ambayo wanaiweza, na ambayo dunia inailipia. Oktoba 2019 kule Vienna, Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa 1:59:40, alizungukwa na waweka kasi 41 waliopokezana kwa makundi, wakiwemo mabingwa wa dunia na wa Olimpiki. Siku hiyo kazi hii ilionekana wazi kwa kila mtu, na waliomaliza naye walimbeba juu wakicheka. Mwaka 2011 Patrick Makau, aliyekuwa akijifua hapo Ngong, aliivunja rekodi ya dunia Berlin kwa 2:03:38, na nyuma ya rekodi ile pia kulikuwa na watu wa kilomita ya 25 na ya 30. Kazi ipo. Tunachokosa ni karatasi yake.

Kwa hiyo nina maombi 3, na nayasema nikiwa nimeyafikiria.

La kwanza ni kwa chama cha riadha na serikali ya kaunti yetu ya Kajiado. Andaeni mkataba mmoja wa mfano, wa Kiswahili chepesi na wa Kimaa, unaoeleza asilimia ya meneja, nani analipa nauli, pesa zinafika lini, na mkimbiaji akiumia nini kinafuata. Uwekwe kwenye ofisi za wadi, ikiwemo ya Rombo. Hii haihitaji uwanja wa mamilioni. Inahitaji wakili mmoja, mkimbiaji mzee mmoja aliyeyapitia, na wiki moja ya kazi.

La pili ni kwenu wanariadha mliostaafu. Mnaojua bei za huko, waambieni wadogo zenu. Siri ya malipo inamfaidi anayelipa peke yake. Na mwenye mgogoro ajue kwamba Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliunda Baraza la Kutatua Migogoro ya Michezo, na si lazima uwe bingwa wa dunia ili ulifikie.

La tatu ni kwenu vijana wa barabara ya Loitokitok, na wa Kimana, na ndugu zetu wa Rombo upande wa Tanzania. Siku meneja atakapokuletea karatasi, usitie saini mezani pake. Mwombe siku 2. Mpelekee mwalimu wako, au katibu wa kanisa, au dada aliyefika chuo, muisome mstari kwa mstari, uulize kila neno usilolielewa, ubaki na nakala yako nyumbani kwa mama. Meneja wa kweli atakungoja. Asiyetaka kungoja siku 2, mwache aende zake.